Barabara Inapokuja, Nani Atayaonyesha Makaburi ya Wazee Wetu?



Ndugu zangu, kina baba na kina mama, na nyinyi vijana mnaousoma ukurasa huu pamoja na wazazi wenu. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza litaonekana halihusu dini wala malezi, nalo ni barabara. Hasa barabara zinazokatwa huko mashambani kwetu, na vile vilivyolala chini ya ardhi kabla lami haijamwagwa juu yake.

Majuma machache yaliyopita, baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja alinisubiri nje ya msikiti akiwa na mjukuu wake. Kijijini kwao ile njia ya udongo inataka kupanuliwa. Vigingi vimeshapigwa, na minazi mingine imetiwa alama ya rangi nyekundu. Njia yenyewe inapita ubavuni mwa mava ya zamani. Mzee amesikia kwamba kabla ya kazi kuanza huenda wakaja watu wa mambo ya kale, wanaakiolojia, kuchimba na kuchunguza. Akaniuliza, "Ustadh, hawa si wanataka kufukua maiti? Si haramu hiyo? Sisi tumekubaliana tukatae, wasitie mguu."

Mjukuu hakungoja nijibu. Akasema, "Babu, mama alijifungulia njiani juu ya bodaboda kwa ubovu wa ile njia. Barabara na ipite tu. Waliokufa wamekwishakufa."

Nikawatazama wote wawili, na moyoni nikaona kila mmoja ana haki yake. Nikamuuliza mzee swali moja: "Hayo makaburi ni mangapi, na mava yanaishia wapi?"

Mzee akanyamaza. Kisha akasema, "La babu yangu nalijua. Mengine... zamani palikuwa na mkwaju, ulikuwa ndio mpaka. Mkwaju wenyewe ulikatwa."

Sikumlaumu, maana yaliwahi kunifika mimi mwenyewe. Nilipokuwa kijana wa miaka 20 hivi, greda lilipita kijijini kwetu kuchonga njia nyuma ya msikiti mkuukuu. Tulipofika, mawe ya matumbawe yaliyokuwa yamesimamishwa kichwani na miguuni yalikuwa yamelala ndani ya rundo la udongo, na baina yake mlikuwa na mifupa. Dereva alishuka, akavua kofia, akabaki amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemwambia kitu, na pale juu palikuwa na majani tu. Tukaleta shuka, tukaokota tulichoweza, tukazika katika shimo moja, imamu akaomba dua. Mpaka leo sijui tuliwazika watu wangapi, na hakuna aliyeweza kutaja hata jina moja.

Kwa hiyo rai yangu naitoa wazi tangu mwanzo, na atakayepinga anipinge kwa hoja. Mtu anayekuja na mwiko mdogo na brashi kabla ya barabara si adui wa makaburi yetu. Adui ni kunyamaza kwetu mpaka greda lifike. Wajibu wetu si kumfukuza mchimbaji. Wajibu wetu ni kuwepo pale anapochimba, tukiwa na majina, na mipaka, na masharti yetu mkononi.

WAISLAMU WALIOKUWA CHINI YA BARABARA

Niruhusuni niwapeleke mbali kidogo, kaskazini ya Hispania, kwa sababu yaliyotokea huko yanatuhusu mno.

Kuna mji mdogo wa mashambani unaoitwa Tauste, katika jimbo la Zaragoza. Wakazi wake ni kama 7,000. Zaragoza ndiyo ile ambayo Waislamu wa Andalusia waliiita Sarakusta, na iliingia katika mikono ya mfalme wa Aragon mwaka 1118. Waislamu waliobaki katika nchi ile waliendelea kuishi chini ya wafalme wa Kikristo kwa karne nyingi, mpaka walipolazimishwa kubadili dini mwaka 1526, na mwaka 1610 vizazi vyao vikafukuzwa kabisa katika ardhi ya Aragon. Walioondoka hawakuondoka na makaburi. Yalibaki pale bila mtu wa kuyafagia. Mawe yakaondoka, majani yakaota, watu wakajenga na wakapitisha njia juu yake. Ikafika siku watu wa mji wakaamini kwamba Waislamu katika Tauste walikuwa wachache tu, wapita njia.

Kulikuwa na chama cha utamaduni cha wenyeji, kinaitwa El Patiaz, ambacho hakikuridhika na maelezo hayo. Mwaka 2010 uchimbaji ulianza, na yakaonekana makaburi ya kwanza. Kisha mwaka 2020, wakati wa kazi ya kupanua barabara, wanaakiolojia walikuta mabaki ya watu zaidi ya 400. Makaburi ya pale yameenea katika eneo la kama hekta 2, na ya zamani kabisa ni ya karne ya 8, yaani karibu na wakati ule ule Waislamu walipoingia katika nchi ile.

Walijuaje kuwa ni Waislamu? Hapa ndipo nilipoacha kusoma nikakaa kimya kidogo. Hawakukuta jiwe lenye jina. Walikuta namna ya kuzika. Kila mmoja amelazwa kwa ubavu wa kulia, katika shimo jembamba, kichwa upande wa kusini-magharibi, na uso umeelekezwa kusini-mashariki. Kutoka Hispania, kusini-mashariki ndiko iliko Makka. Miaka zaidi ya elfu imepita, lugha imebadilika, dini ya mji imebadilika, majina yote yamepotea, lakini Qibla hakikupotea. Yule aliyemlaza maiti wake kwa sunna alimwandikia ushahidi ambao hakuna mfalme aliyeweza kuufuta.

Na tazameni elimu iliyopatikana. Mwaka 2017 wachunguzi walitoa matokeo ya kupima mifupa na meno ya watu 31 wa makaburi yale. Jino la mtu hukua utotoni, na maji aliyokunywa na ardhi aliyolia chakula chake huacha alama ndani yake. Kwa alama hizo wakajua kuwa wengi walizaliwa pale pale. Watano walitoka kwingine, wanawake watatu na wanaume wawili. Wanaume wale wawili walikulia nchi ya joto zaidi, na wanawake wawili walitoka pande za milimani. Labda walikuja kuolewa, Allah ndiye ajuaye. Iko na habari nyingine ambayo sisi kina baba tuisikilize vizuri: mifupa ilionyesha kuwa wanaume wazima walikula nyama zaidi kuliko wanawake na vijana. Miaka elfu imepita, na bakuli la baba bado linasomeka katika mfupa wa mama! Anayedhani kwamba dhuluma ndogo za nyumbani hazina shahidi, na azingatie hilo.

Haya yote yangesagwa chini ya lami kwa asubuhi moja. Yaliyoyaokoa ni kwamba katika nchi ile sheria inalinda urithi wa kale, nao walisimama kwanza, wakachimba, ndipo wakaendelea na barabara.

UCHIMBAJI WENYEWE NI NINI

Wengi wetu tunaposikia "kuchimba" tunafikiria jembe na sururu, au wale wanaotafuta hazina usiku. Kazi ya mwanaakiolojia mbele ya barabara ni kinyume chake. Kwanza hutembea njia yote kwa miguu, huuliza wazee, hutazama ramani na picha zilizopigwa kutoka angani. Kisha huchimba mitaro michache ya kujaribia. Wakiona kitu, tabaka la juu huondolewa kidogo kidogo, na kuanzia hapo kazi ni ya mwiko wa mwashi, brashi na subira. Kila kaburi hupewa nambari. Hupigwa picha, huchorwa kwa vipimo, huandikwa limeelekea wapi. Kazi ambayo greda lingeimaliza kwa dakika tano huchukua siku nzima.

Jambo muhimu ni kwamba mara nyingi yakigunduliwa mapema, barabara inaweza kusogezwa. Mhandisi mwenye ramani mezani hupindisha mstari kwa kalamu. Mhandisi ambaye mitambo yake imeshafika na mkataba unakimbia, kwake kila siku ni hasara, naye hatasikia dua wala kilio. Ndiyo maana nasema mapema ni bora kuliko kelele nyingi za baadaye.

JE, SHERIA YETU INASEMAJE?

Sasa nirudi kwenye swali la mzee. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mfupa wa maiti una heshima ile ile ya mfupa wa aliye hai. Asili ya jambo hili ni kwamba kaburi la Muislamu halifukuliwi wala halikanyagwi. Hapa hatuna mjadala, na mzee yuko sawa kuwa mkali.

Lakini wanazuoni wetu hawakuishia hapo. Wamezungumzia dharura na haja. Imamu Nawawi, katika Al-Majmuu, ameeleza kuwa maiti akishakuwa udongo hukumu ya ardhi ile hubadilika. Tunajua pia kutoka katika Sahihi ya Bukhari kwamba Jabir bin Abdillah (r.a.) alimtoa baba yake kaburini baada ya miezi sita kwa sababu alikuwa amezikwa pamoja na mtu mwingine, na nafsi yake haikutulia mpaka alipompa kaburi lake peke yake. Kwa hiyo kufukua kwa sababu nzuri na kwa heshima si jambo ambalo Masahaba hawakulijua.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi katika mlango huu ni cha Uhud. Vita vya Uhud vilikuwa mwaka wa 3 wa Hijra, yaani mwaka 625. Miaka kama 40 baadaye, katika utawala wa Muawiya (r.a.), ilitakiwa upitishwe mfereji wa maji katika ardhi ile waliyozikwa mashahidi. Vitabu vya sira na tabaqaat vinasimulia kutoka kwa Jabir kwamba kabla ya kuchimba kulinadiwa Madina, kila mwenye maiti wake Uhud ajitokeze. Watu wakatoka, kila mtu akamwendea wake, wakawahamisha kwa mikono yao, na wakawakuta miili yao haijaharibika. Imamu Malik naye katika Muwatta amepokea habari ya Masahaba wawili wa Uhud ambao mafuriko yalikula kaburi lao, wakatolewa ili wahamishwe, na ilikuwa imepita miaka 46.

Ndugu zangu, itazameni vizuri habari hii ya mfereji. Ilikuwa ni kazi ya maendeleo, maji kwa watu, kama leo barabara. Hawakusema maendeleo yasimame milele. Wala hawakupitisha majembe gizani. Walinadi kwanza! Na walioitwa walikuwa na la kujibu, kwa sababu kila mmoja alijua wake yuko wapi. Baba yake Jabir alikuwa na Jabir. Mimi najiuliza, ikinadiwa leo kijijini kwetu, "mwenye maiti wake katika njia hii ajitokeze," nani atainuka? Na akiinuka, ataonyesha wapi?

WENZETU WALISEMA WAKASIKIWA

Katika nchi hiyo hiyo ya Hispania, upande wa kusini, mkoa wa Cordoba, uko mji wa Lucena. Katika zama za Waislamu mji huu ulikuwa maarufu kwa Mayahudi wake na wanazuoni wao. Mwaka 2006, kazi ya kujenga barabara ya pembezoni mwa mji iligusa makaburi yao ya zamani, na yakachimbuliwa makaburi 346. Jamii ya Kiyahudi haikukaa kimya. Walizungumza na wakuu wa mji na watu wa mambo ya kale, wakataka mabaki yale yasibaki katika masanduku, na mwezi wa Desemba 2011 yakarudishwa ardhini pale pale kwa ibada yao.

Wako watakaouliza kwa nini natoa mfano wa Mayahudi. Natoa kwa sababu Mtume (s.a.w.) alisimama lilipopita jeneza la Yahudi, na alipoulizwa akakumbusha kuwa ile pia ni nafsi. Na natoa kwa sababu unatufunza jambo. Elimu ilipata haki yake, kwani makaburi yalichorwa na kuandikwa. Wafu walipata haki yao, wamerudi udongoni. Barabara nayo imejengwa. Yote matatu yaliwezekana, kwa kuwa walikuwepo watu waliosema "hawa ni wetu."

Sisi mara nyingi tunakwenda katika ncha mbili. Ama tunapiga kelele "haramu, haramu" na kufunga mlango, kisha greda linapita usiku na mlango wetu umefungwa vile vile. Ama tunapokea fidia ya minazi, tunahesabu mche kwa mche, na kaburi la nyanya hatulitaji hata kwa neno. Jamani, mnazi tumeuhesabu, na aliyeupanda hatukumhesabu!

NA HAPA KWETU

Asifikiri mtu kuwa mambo haya ni ya Ulaya tu. Elimu tunayojivunia juu ya Uislamu wa pwani yetu, sehemu kubwa imetoka ardhini. Kisiwani Pate, mahali paitwapo Shanga, mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walichimba katika miaka ya 1980. Chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa walikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka wakafikia misikiti midogo ya miti ya karne ya 8. Watu waliokuwa wakidai kuwa Uislamu huku ni wa juzijuzi walijibiwa na mashimo ya nguzo za miti. Mashimo ya nguzo! Kitu ambacho tingatinga lisingekitambua hata lingepita mara mia.

Mwaka 2023 ulitolewa utafiti mwingine mkubwa, wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani katika pwani ya Kenya na Tanzania, ukionyesha jinsi mama zetu wa Kiafrika na wageni waliotoka Uajemi walivyochanganyika kuanzia karibu mwaka 1000. Kilichonifurahisha katika kazi ile ni adabu yake: wazee wa mahali waliombwa ridhaa kwanza, na mabaki yakarudishwa ardhini. Adabu hiyo ndiyo tuidai kila mahali, na tuidai kwa sauti.

Wala tusidai kwa ajili ya wafu wetu peke yetu. Ndugu zetu Wamijikenda wana kaya zao, misitu ambayo ndani yake wamelala wazee wao, na mwaka 2008 UNESCO iliiingiza baadhi ya kaya hizo katika urithi wa dunia. Anayetaka kaburi la babu yake lisikanyagwe asikae kimya la jirani yake linapokanyagwa.

Kuhusu sheria za nchi, hapa Kenya tunayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, inayomtaka mtu aliyegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Tunayo pia Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, ambayo kwayo miradi mikubwa hufanyiwa tathmini kabla haijaanza, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni. Wenzetu wa Tanzania wana Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Tatizo kubwa ninaloliona mimi ni viti vitupu. Kikao cha maoni kinaitishwa Jumanne asubuhi, wanakwenda vijana watano wenye kutafuta vibarua, na kamati ya msikiti haipo. Baadaye tunalalamika barazani juu ya kahawa.

TUFANYE NINI?

Haya ndiyo ninayopendekeza kwa familia na kamati za misikiti. Hakuna lililo gumu.

1. Kila familia iwe na daftari la makaburi. Jina la aliyezikwa, jina la baba yake, mwaka ukijulikana, na alama iliyo karibu. Msitegemee mti, mti hukatwa. Simu nyingi za leo zinaweza kuonyesha mahali mliposimama kwa nambari. Ziandikeni nambari hizo.

2. Wapelekeni watoto ziara. Ziara ya makaburi ni sunna inayokumbusha Akhera, na pia ni darasa. Waambieni: huku kwetu Pwani Qibla ni kaskazini, na ndiyo maana wazee wetu hata upande wa kaskazini wenyewe wakiuita "kibla." Maiti wetu akilazwa ubavu wa kulia, kichwa huwa mashariki na miguu magharibi. Mtoto anayelijua hilo ataweza kulitambua kaburi hata mawe yakiwa yameanguka.

3. Kamati ya msikiti ichore mava na ipime mipaka yake kabla hakujasikika habari ya barabara yoyote, na ipeleke nakala kwa chifu na kwa ofisi ya ardhi. Karatasi iliyogongwa muhuri ina nguvu kuliko machozi.

4. Habari ya barabara ikija, muwe wa kwanza kuomba wanaakiolojia waje, na mapema. Ombi la kwanza liwe njia ipindishwe. Ikishindikana kabisa, wekeni masharti: wawepo wazee na imamu wakati wa kuchimba, mifupa isipigwe picha za kurushwa ovyo kwenye simu za watu, muda wa uchunguzi ujulikane, na mabaki yazikwe tena kwa taratibu zetu, mahali panapojulikana na penye alama.

5. Kigae, shanga au sarafu ikionekana, isiuzwe. Kitu kilichotolewa mahali pake bila kuandikwa ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni. Aliyeuchana anapata pesa ya chai, na kitabu hakisomeki tena.

6. Tusiichukie barabara. Kuondoa udhia njiani ni katika imani, na barabara nzuri inayomfikisha mama mjamzito hospitali ni kheri kubwa. Yule kijana aliyesema mama yake alijifungulia juu ya bodaboda hakukosea. Alikosea pale tu aliposema waliokufa wamekwishakufa, kana kwamba hatudaiwi nao kitu.

Najua wako watakaosema haya yatachelewesha mradi na kuongeza gharama. Ni kweli yanaweza kuchelewesha kidogo, na hasa yakianzishwa mwisho. Lakini daraja likipita mtoni tunangoja vipimo vya udongo na hakuna anayelalamika. Tungoje basi na vipimo vya waliomo ndani ya udongo.

NAMALIZIA

Jumamosi iliyofuata nilifuatana na yule mzee, mjukuu wake, na wanafunzi tisa wa madrasa mpaka kijijini kwao. Tulibeba kamba, madaftari na mapanga ya kufyekea. Tulianza kwa kutoa salamu kwa watu wa makaburini kama tulivyofundishwa. Kisha tukafyeka. Mzee alidhani makaburi ni kama kumi na tano. Mpaka adhuhuri watoto walikuwa wameandika 41, na matatu yalikuwa nje ya pale mzee alipodhani ndio mpaka, upande wa vigingi vya barabara.

Yule mjukuu ndiye aliyeyaona hayo matatu. Alikuwa amepiga magoti akipangusa jiwe, akaniita, "Ustadh, hili limelala mashariki na magharibi. Huyu ni wetu, sivyo?" Nikamwambia ndiyo, ni wetu. Akaandika katika daftari, na pale mahali pa jina akaacha wazi, maana mzee naye hakulijua.

Sijui barabara ile itapita wapi, lakini barua yetu imekwishapelekwa pamoja na ule mchoro wa watoto, na safari hii aliyeshika kalamu ya kuchora mstari ataona kabla hajauchora. Nakuombeni nanyi, wikendi hii, kabla ya kwenda kwingine, mwende mkaangalie walikolala wazee wenu. Mkiwakuta, waandikeni.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, wanaojulikana majina na wasiojulikana, na atujaalie sisi nasi tupate watoto watakaojua tumelala wapi. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.